Cyrille Anachelewa Kufa

Myriam alikuwa msomaji wa matangazo ya harusi na misiba kwenye redio moja ya Kalemie. Siku moja Mama Odile, mkuu wa vipindi, akamwambia aanze kuhakiki vitabu na filamu. Filamu ya kwanza ilikuwa ya hapa hapa mjini, kazi ya Jovial, mpiga picha za harusi. Taabu ni kwamba ndani yake alikuwamo Cyrille, mume wa Myriam, akicheza askari anayepigwa risasi bandarini.

Myriam akaitazama filamu kwenye ukumbi wa parokia, akajaza ukurasa mzima. Mama Odile aliusoma akiwa amesimama.

“‘Filamu nzuri sana, wachezaji wazuri sana, zaidi sana yule askari.’ Mama Myriam, hii njo barua ya mapenzi. Filamu yenyewe iko wapi?”

“Sasa niandike nini?”

“Ulichoona. Watu walicheka wapi? Weye ulichoka wapi?”

Myriam akarudi kwenye ukumbi wa parokia, safari hii na kalamu mkononi. Cyrille alipigwa risasi, akaanguka, akainuka, akamwita mama yake, akamwita mjomba wake wa Kabalo, akaegemea nguzo, akaomba maji. Nyuma ya Myriam mama mmoja aliyekuwa anakula karanga akauliza, “Huyu muntu hajafa bado?”

Myriam akaandika upya. Jioni akasoma hewani:

“Risasi ni moja, lakini askari anakufa mara tatu. Ukipanda meli ya kwenda Moba wakati anapoanguka, utashuka huko kabla hajakata roho. Lakini pale anapomuaga mutoto wake bila kusema neno, mimi nililia.”

Aliporudi nyumbani, alimkuta Cyrille ameugeukia ukuta na sahani yake ya bukari, ule ugali wa huku.

“Umenizika mbele ya muji muzima.”

“Nilijaribu, baba. Ni weye ulikataa kufa.”

Cyrille alitaka kununa zaidi, lakini mdomo ulikuwa umeshaanza kucheka. Akala kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

“Ni kweli ulilia?”

“Kweli kabisa.”

“Pale nilikuwa nimesahau maneno.”

Myriam akacheka mpaka akakaa chini.

Jumapili iliyofuata ukumbi ulifurika. Watu walikuja kumuona askari asiyetaka kufa, na kila alipoinuka walimpigia makofi. Cyrille mwenyewe, amekaa katikati yao, alipiga kuliko wote. Kesho yake Jovial akafika nyumbani kwao na habari ya filamu mpya. Safari hii Cyrille angekuwa marehemu tangu mwanzo: picha tu, imetundikwa ukutani.

Cyrille alikubali palepale, akaingia chumbani kutafuta shati.

“Mama,” akaita kutoka ndani, “kwenye picha nicheke ao nikaze uso?”

“Baba, tafazali,” Myriam akajibu, “usiongeze kitu.”