Kitambaa cha Miwani

Kipande namba saba kilikuwa na upara.

Mkaguzi alikigeuza chini ya taa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Upara ulikuwa palepale, karibu na shingo ya shina: milimita tatu ambapo utando mweupe ulikuwa umebanduka na chuma cha kijivu kikachungulia. Kanuni iliruhusu nusu milimita. Akachukua lebo nyekundu, akaandika siku na saa, Jumatano, saa mbili na dakika kumi asubuhi, akaifunga. Aliifunga mara mbili, jambo ambalo kanuni haikulitaka.

Vipande vilikuwa kumi na viwili, vyote mashina ya nyonga bandia. Shina huchomekwa ndani ya mfupa wa paja, na ili mfupa ulishike, hupuliziwa unga wa madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe. Unga huyeyushwa kwa moto mkali, ukatua juu ya chuma na kuganda. Unene wake haufiki nywele tatu. Mfupa ukiukuta utando huo, huota hadi ukashikamana nao. Ukikuta upara, hauna pa kushika.

Namba saba ndiyo iliyokuwa ya saizi ndogo kuliko zote, na hospitali iliiagiza kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Mgonjwa huyo ndiye aliyemlea Mkaguzi tangu akiwa na miaka sita: shangazi yake, fundi cherehani, ambaye kwa mwaka mzima hakuweza kukanyaga pedali bila kuuma meno. Upasuaji ulikuwa Jumatatu.

"Moto wangu usiusingizie," alisema Joto, fundi wa kupulizia. Wenzake walimpa jina hilo kwa ajili ya mashine yake, na kidogo kwa ajili ya hasira zake. "Kumi na moja vimetoka kama mayai. Moto uliopita kwenye sita na nane ndio uliopita kwenye saba."

"Hakuna aliyekusingizia, Joto."

"Unaniangalia vibaya."

"Mimi huangalia kila kitu hivi. Ndiyo kazi yenyewe."

Mkuu wa karakana, mwanamke mfupi asiyehitaji kipaza sauti, aliweka namba saba mezani. "Chanzo kikijulikana, tunakwangua utando, tunaosha, tunapulizia upya. Kisipojulikana, mashine inafunguliwa yote. Siku tano. Na daktari ameniambia, nafasi nyingine ya mgonjwa huyu ni baada ya wiki saba."

Wakatafuta. Unga ulikuwa mkavu. Gesi ilikuwa sawa. Maji ya kuoshea yalikuwa safi. Wakafungua daftari la jaribio la maji, ambalo ni rahisi kuliko yote: kipande kilichooshwa huchovywa kwenye maji safi, kisha huinuliwa. Kama hakina mafuta, maji hutanda juu yake kama shuka moja kwa sekunde thelathini. Kama kina mafuta, hata ya kidole tu, shuka hupasuka na maji hujikusanya matone matone, na hapo utando haushiki. Namba saba, Jumanne: sekunde thelathini, safi. Sahihi ya Mkaguzi.

"Umeona?" alisema Joto. "Kiliingia kwangu safi. Kwa hiyo ni mimi. Haya, fungueni mashine yangu, mtoe na bisibisi niliyoipoteza mwaka juzi."

Mkaguzi hakucheka. Alivua miwani ili aifute, akatoa kitambaa mfukoni, na mkono ukasimama hewani.

Jumanne, baada ya jaribio la maji, vipande vilikaushwa kwenye tanuri. Alipovikabidhi kwa Joto alidhani ameona chembe ya vumbi kwenye namba saba. Huenda haikuwepo. Alikuwa amevaa glavu, lakini kitambaa kilikuwa hiki. Alifuta mara moja. Vile vingine kumi na moja hakuvifuta.

"Nipeni kibati cha majaribio," alisema.

Akakiosha, akakikausha, akakifuta kwa kitambaa nusu moja tu. Akakichovya, akakiinua. Upande mmoja maji yalitanda. Upande wa pili yalijikusanya kama jasho kwenye kipaji cha uso.

Kisha Joto akaketi juu ya ndoo na kuanza kucheka hadi akashika mbavu.

"Dada! Miaka tisa hutaki nipake hata mafuta ya mikono! Ngozi yangu imekuwa kama ya kenge!"

"Na ubaki hivyo hivyo."

"Mkaguzi wetu! Upara ameuleta mfukoni!"

"Joto, nenda kapashe mashine," alisema Mkuu. Akamsukumia Mkaguzi fomu ya kasoro.

Aliandika kwa mwandiko uleule wa kila siku. Chanzo: Mkaguzi alikifuta kipande kwa kitambaa chake binafsi baada ya jaribio la maji. Chini yake palikuwa na mstari wa sababu. Hapo kalamu ikasita.

"Andika," alisema Mkuu.

"Nitaandika nini? Hakuna sababu ya kitaalamu."

"Basi andika iliyopo."

Akaandika: Kipande ni cha shangazi yake.

Kanuni ilisema aliyehusika na kasoro hakagui marekebisho. Kwa hiyo Mkaguzi alipelekwa kwenye chumba cha chai, akakaa na kikombe ambacho hakukinywa, akitazama kupitia kioo. Walikwangua utando, wakapima shina: limepungua sehemu mbili za mia za milimita, ndani ya kipimo. Wakaliosha. Mkuu mwenyewe alilichovya na kuhesabu sekunde kwa sauti iliyopenya kioo. Thelathini. Joto akapulizia. Kabla ya kufunga mlango wa mashine aligeuka kuelekea kioo, akainama mbele ya shina kama mtu anayeamkia mkubwa wake. "Shikamoo, shangazi!"

Saa kumi jioni lebo nyekundu ilitolewa. Ilichukua muda kidogo, kwa sababu ya fundo la pili.

Nyumbani Mkaguzi alieleza mambo yote kwa mpangilio, bila kujitetea. Shangazi alisikiliza akiwa amenyoosha mguu juu ya stuli.

"Kitambaa kipi? Kile nilichokushonea mimi?"

"Hicho."

"Ala! Kile nakifulia dawa ya kulainisha nguo, ile yenye mafuta na harufu ya maua. Tena nakisuuza nayo mara mbili."

"Mara mbili? Kwa nini, shangazi?"

"Si ni cha mwanangu?" Akamtazama, kisha akaanza kutikisika mabega. "Kumbe nyonga yangu nimeiharibu mwenyewe! Lete hiyo fomu, nami nitie sahihi."

"Fomu haitoki karakana."

"Basi waambie wamwandike na fundi cherehani. Usibebe peke yako."

Upasuaji ulifanyika Jumatatu kama ulivyopangwa. Wiki ya nane picha ya eksirei ilionyesha mfupa umesogea hadi kwenye utando pande zote, na pale palipokuwa na upara hapakutofautiana na kwingine. Mkaguzi aliitazama picha kwa muda mrefu, akaomba kuitazama tena, daktari akamwambia foleni ni ndefu.

Jioni hiyo cherehani ililia sebuleni, kwanza kwa kusitasita, kisha mfululizo. Shangazi alikata uzi kwa meno, akamrushia kitambaa kipya cha miwani.

"Hicho nimekifua kwa maji matupu. Kipime."

"Siwezi kupima zawadi, shangazi."

"Utakipima tu. Nakujua."

Kesho yake alikipima. Sekunde thelathini. Halafu akakifungia kwenye kabati la nguo, nje ya mlango wa karakana, akaingia kazini mikono mitupu.