Dagaa Walewale

Ziwa lilipofungwa, kila mtu pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, alitafuta pa kujishikiza. Wenye mitumbwi waliivuta nchi kavu wakaipindua. Vijana wa nyavu wakapanda bodaboda. Wanawake wa dagaa wakashika majembe Kidahwe, au wakatia vitenge begani kuvizungusha soko la Mwanga. Serikali ilisema samaki wapumzike miezi mitatu, wazaane. Ziwa limechoka. Nyavu zimekuwa nyingi kila upande, maji yamepata joto, na mtumbwi uliokuwa ukirudi umejaa sasa unarudi na ndoo mbili za aibu. Hakuna aliyebisha sana. Hata asiyejua kusoma, ndoo yake alikuwa anaiona.

Veneranda peke yake hakwenda kokote.

Kila asubuhi alishuka kutoka Buzebazeba na kiroba kichwani, akafika kwenye kichanja chake, akamwaga dagaa juu ya wavu, akawatandaza kwa kiganja wasilaliane. Kisha akakaa kwenye kivuli chembamba cha kichanja hichohicho na fimbo ya kufukuzia kunguru. Jioni akawazoa, akapanda nao nyumbani. Kesho yake akashuka nao tena. Walikuwa dagaa walewale.

"Bibi," vijana wa bodaboda walimpigia kelele kutoka barabarani, "hao wamekauka mpaka roho! Watie maji!"

"Na wewe uliyekauka akili, nani amekutia maji?"

Ilikuwa hivi. Pale mwaloni nafasi ya kichanja hainunuliwi. Ni yako maadamu unaanika. Giza likipita, yaani zile siku mwezi haupo na wavuvi wanaingia ziwani, nawe hukuanika hata kiganja, mwingine anatandika wavu wake juu ya miti yako na hakuna wa kumwuliza. Melania, mwenzake mmoja, alikwenda Kasulu kumzika mama yake, akakawia, akarudi akakuta wavu si wake. Alilia, watu wakamwonea huruma, na kichanja hakurudishiwa.

Veneranda hakuwa na kingine. Alivuka kutoka Rumonge, ng'ambo ya ziwa, mwaka ule wa vita, mtumbwi umejaa watu mpaka maji yanachungulia ndani, akashukia mwalo huohuo. Wenzake walipakiwa malori kwenda kambini. Yeye alibaki akimsaidia mama mmoja wa Kiha kugeuza ndagala, kama walivyowaita dagaa kwao, na yule mama alipokufa, akaendelea kugeuza. Mumewe hakuvuka. Mwanawe Elikana alikulia pale, kisha akarudi ng'ambo kutafuta shamba la baba yake, na simu yake ikawa haipatikani. Veneranda hakuwa wa kambini, wala hakuwa hasa wa hapa Ujiji. Alikuwa wa kile kichanja. Akikikosa, akiulizwa yeye ni wa wapi, atanyoosha kidole wapi?

Kabla ya mwezi mmoja kwisha, Leonida alikuja kumwona. Alikuwa jirani yake wa kichanja cha pili, Muha mnene wa maneno mengi.

"Shoga, unafanya nini hapa?"

"Naanika."

"Unaanika nini wewe! Nani atakunyang'anya? Sote tumeondoka."

"Melania naye aliondoka."

"Melania aliondoka peke yake. Sisi tumeondoka na samaki wenyewe!"

Wakacheka. Leonida akaokota dagaa mmoja, akamvunja. Alikatika kama njiti ya kiberiti.

"Sikiliza. Alhamisi tunakutana kwangu, saa nne. Bwana samaki anakuja, yule kijana Rodgers. Anasema kuna kuanika ndani ya nailoni, mvua isikunyeshee, mchanga usiingie. Samaki wakiwa wachache, asioze hata mmoja. Njoo."

"Saa nne jua ndilo hili. Nani atakaa hapa?"

"Akae na nani? Na kunguru?"

"Nitajaribu, dada."

Alijaribu. Alhamisi alifika mpaka barabarani, akageuka, akaona kichanja chake kiko peke yake pale mchangani, na mwanamume asiyemfahamu anapita karibu nacho. Alikuwa anapita tu. Veneranda alirudi mbio, khanga imemfunguka.

Leonida akaja tena, akaleta na mhogo. Halafu akatuma salamu. Halafu salamu nazo zikakoma.

Mwalo ukawa kimya, kimya cha mahali palipozoea kelele. Veneranda alianza kusikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia, kama mbao za mitumbwi zikipasuka kwa jua. Maji yalikuwa yamepanda tangu miaka ya mvua kubwa na hayakurudi yote yalikotoka. Walipokuwa wakicheza watoto sasa palikuwa na mawimbi. Siku nyingine alimaliza mchana kutwa bila kufungua mdomo, na jioni akimwitikia mtu salamu sauti inatoka na kutu.

Dagaa nao wakawa wanaisha kwa kugeuzwa. Kwanza vichwa, kisha mikia, kisha ukawa unga mtupu, akalazimika kuutandaza juu ya kitambaa usipite kwenye wavu. Nyumbani alikula ugali kwa matembele, kiroba kikining'inia juu yake. Hakuonja hata mmoja. Wakiisha hawa, angeanika nini?

Ziwa likafunguliwa. Asubuhi mitumbwi iliporudi, Veneranda alikuwa ameshafagia chini ya kichanja na kukaza wavu. Wanawake wakateremka kwa kelele zao, akawapungia kila mmoja kwa jina. Dagaa walikuwepo, si haba, wanono kidogo kuliko wa kabla. Wanawake wakajaza ndoo, wakampita, wakapanda nazo mwinuko hadi kwenye nyumba ya nailoni iliyosimama juu ya barabara. Yeye alikuwa akiona ikijengwa, akadhani ni kitalu cha miche.

Mwenyekiti wa mwalo, Bonifasi, alikuja na vijana wawili na nyundo.

"Miti hii inakwenda kwenye rafu za kule juu, mama. Tulikubaliana. Mchanga wenyewe unaliwa na maji."

"Mwenyekiti, hapa ni pangu. Sikukosa hata siku moja."

"Najua, Mama Elikana. Tulikuwa tunakuona."

"Mkiniona, mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia uje."

Veneranda akashika nguzo ya kichanja. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Huko juu nafasi yangu ni ipi?"

"Huko hakuna nafasi ya mtu. Kuna zamu."

"Zamu yangu ni lini?"

Hakuwa nayo. Zamu zilikuwa zimegawanywa nyumbani kwa Leonida, Alhamisi baada ya Alhamisi, yeye akiwa mchangani.

Leonida alikuwa ametua ndoo yake, anasikiliza. "Mimi ni Jumatatu," akasema. "Tutaanika nusu kwa nusu, mpaka wagawe upya. Usinitazame hivyo, shoga, utaniliza mbele ya wanaume."

Veneranda akawashikia vijana nguzo walipong'oa misumari. Wavu aliukunja mwenyewe.

Jumatatu waliingia pamoja. Ndani kulikuwa na joto la chungu, mwanga mweupe usio na upande, wala upepo, wala kunguru. Wakatandaza, na kabla hajachoka kazi ikawa imekwisha. Leonida akafunga mlango kwa kamba.

"Haya, twende."

"Nani anabaki?"

"Habaki mtu. Wanakauka wenyewe. Saa kumi tunarudi."

"Mpaka saa kumi nifanye nini?"

"Ulale, dada! Miguu imekaa mchangani miaka yote hiyo." Akatupia vitenge vyake begani, akakimbilia Mwanga.

Veneranda akapanda Buzebazeba mikono mitupu. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alipita njia ile mchana. Kulikuwa na genge asilolijua na watoto asiowajua. Uani kwake, mpangaji mwenzake, mke wa mwalimu aliyehamishwa kutoka Singida, alikuwa anaanua nguo. Alihamia pale wakati ziwa limefungwa, na huyu mama kwake alikuwa kiroba tu, kinaondoka alfajiri, kinarudi gizani.

"Shikamoo, mama. Karibu. Mwenye chumba hicho hayupo, hurudi jioni."

Veneranda alitazama kufuli la mlango wake. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Basi nitamngoja." Akakaa kizingitini.