Sanduku Chini ya Paa la Bati

Nilivunjika nyonga Oktoba, na kufikia Machi binti yangu Corinne alikuwa ameshanitafutia chumba kwenye nyumba ya wazee mjini. Sikutaka hata kuisikia habari hiyo. Tulizozana wiki nzima kwenye simu, mwishowe akalegeza kamba kidogo: nikiweza kulima bustani yangu mwenyewe mwaka huu bila kuanguka, nabaki. Nikishindwa, nahama.

Mumewe Roland ni fundi bomba anayejiona fundi wa kila kitu. Alikuja na mbao za mierezi, akaniundia sanduku la kupandia lenye miguu, linanifikia kiunoni ili nisiiname. Kazi safi, sina neno. Ila alilisimamisha ukutani upande wa kusini, chini kabisa ya ukingo wa paa la bati.

"Hapo ndipo theluji ya paa inapoporomokea," nikamwambia.

"Mama, theluji imekwisha. Hapa jua linapiga, udongo utapata joto mapema."

"Roland, nimekaa nyumba hii miaka arobaini na sita."

"Basi wa arobaini na saba tutakula njegere mapema."

Corinne alicheka. Mimi nikameza maneno, maana mzee anayetafutiwa sababu ya kuhamishwa hana ubavu wa kugombana na aliyemletea zawadi. Tulijaza udongo na mboji, nikapanda njegere na spinachi, mkongojo mkono huu, mbegu mkono ule. Siku ya kumi na moja spinachi ikachomoza. Nilifurahi kama mtoto.

Tarehe tisa Aprili ilianguka theluji nzito, ile ya majimaji, tangu alfajiri. Saa sita mchana jua likatoka na bati likaanza kulia, theluji ikilegea juu yake. Nikajimiminia kahawa, nikakaa jikoni kungoja. Theluji ilishuka kwa mpigo mmoja, vikombe vikatikisika kabatini. Sanduku lilikuwa limelala chini, miguu imevunjika, na spinachi yangu imefukiwa yote. Nililia, sifichi. Kisha nikampigia Corinne mwenyewe, kwa sababu angeona tu.

Walifika pamoja, wakasimama kando ya lile rundo.

"Mama, je, kama ungekuwa hapa?" Corinne aliuliza. "Ndiyo maana nasema uhame."

"Nilikuwa jikoni."

"Bahati yako tu."

"Bahati gani? Bati likianza kulia nakaa ndani mpaka limalize, na bado halijamaliza. Wewe hapo umesimama wapi?"

Akatazama juu. Nusu ya paa ilikuwa bado imebeba theluji yake. Waliruka nyuma wote wawili, Roland akaacha kofia yake pale pale.

"Kule mjini sijui chochote," nikamwambia. "Kule ndiko nitakakoangukiwa."

Corinne alilitazama paa tena. Halafu akaniuliza mimi, si mumewe, sanduku jipya likae wapi.