Mlima Uliosawazishwa

Usingizi unamkamata Kundaeli mchana kweupe, kidevu kifuani, mbele ya kompyuta inayopika mvua ya leo na kesho. Kazi yake ndiyo hiyo: anaikata nchi miraba miraba, anailisha kompyuta joto, upepo na unyevu, nayo inamwambia kila mraba utapata mvua kiasi gani. Leo hesabu imemkwamia tangu asubuhi, kwa sababu milima ya Upare imesimama wima mno na hesabu haziwezi kuikwea. Basi amefanya wanavyofanya wenzake wakibanwa na muda: ameuchukua mlima mzima akausawazisha ndani ya hesabu, na kompyuta ikatulia. Anajua fika kwamba chini ya mlima huo, kando ya korongo, anakaa dada yake Nakiete na watoto. Nitarekebisha baadaye, amejiambia, na kope zikashuka.

Sasa anatembea. Barabara inanyooka mpaka pembeni mwa mraba, inakata kona, inaanza upya, na kila mraba una mji uleule, duka lilelile la bati la bluu, mbuzi yuleyule anatafuna kamba ileile. Yananyesha manyunyu. Hayazidi, hayapungui, yananyesha barabarani, yananyesha jikoni na vitandani, na juu hakuna hata wingu moja. Kundaeli anaogopa, na anajishangaa, maana nani amewahi kuogopa manyunyu. Mbele yake anatokea mtu mwenye koti la mvua, na ndani ya kofia hakuna uso, ni ngozi tupu, laini kama ukuta uliopigwa lipu. Anamwamkia, shikamoo, anauliza njia ya kwa Nakiete. Mtu anasema hapa kila mmoja anakaa katikati ya wenzake. Na mawingu yako wapi? anauliza Kundaeli. Yalikuwa madogo kuliko mraba, hayakuhesabika. Na mvua yake je? Tumeigawa, kila mtu kapata kidogo, hakuna aliyenung'unika. Mbona wewe unatetemeka, Kundaeli, na huku ni kwako?

Anatimua mbio. Anautafuta mlima na hauoni, ni tambarare mpaka macho yanauma, miji inampita na kujirudia, duka, mbuzi, duka, mbuzi. Kisha anasikia maji. Yanaporomoka kutoka juu, yanabingirisha mawe, na hiyo juu yenyewe haipo. Dada yake amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Anamwita, dada, ondoka hapo, lakini uso wa Nakiete umeshaanza kufutika, pua imekwenda, mdomo umekwenda, na macho yaliyobaki yanamtazama yeye.

Anaamka jasho likimtiririka. Kompyuta imemaliza: ramani yote ni rangi moja, manyunyu kila mahali, na mwenzake wa meza ya pili anamwambia utabiri umeshasomwa redioni, alimwona amechoka akautuma yeye. Kundaeli anapiga simu. Nakiete anapokea, anamuuliza habari za kazi, anasema huku ni salama kabisa, manyunyu tu, kama redio ilivyosema.

Dada, nakuomba, usiniulize kitu. Chukua watoto, tokeni hapo korongoni, mpande mlimani sasa hivi.

Upande wa pili manyunyu yanagonga bati, hayazidi, hayapungui.

Mlima gani, mdogo wangu? anauliza Nakiete.