Magodoro ya Mkiani

Kazini walimwita Mama Gramu, na jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa msimamizi wa upakiaji katika kampuni ndogo ya ndege za mizigo, kampuni yenye ndege mbili tu: moja inayoruka na nyingine inayong'olewa vipuri ili ya kwanza iendelee kuruka. Hakuna boksi lililoingia ndani bila kupita machoni pake. Aliwahi kumpandisha rubani kwenye mizani pamoja na begi lake la nguo, na rubani mwenyewe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe.

Kwa hiyo utani wao haukuanza siku ya ajali. Kapteni, kama alivyoitwa hata nyumbani, alikuwa akisema kwamba shemeji yake hupima hata usingizi. Naye alikuwa akimjibu kwamba ndege hupaa kwa hesabu, haipai kwa miwani ya jua.

Jumatatu ile mzigo ulikuwa mashine nne za kusaga nafaka na magodoro mia moja na ishirini. Mashine zilifungwa katikati, usawa wa mabawa. Magodoro, kwa kuwa ni mepesi, yalijazwa nyuma mpaka mkiani. Vyote vilikuwa vimepimwa Ijumaa. Kiongozi wa wapakiaji, mzee mmoja mpana waliyemwita Kifua, alikuja kumwambia kwamba magodoro ya leo yanakataa kubebeka. Mama Gramu hakuinua macho kwenye karatasi zake. Alimjibu kwamba godoro halinenepi wikiendi, anayenenepa wikiendi ni mpakiaji. Wenzake Kifua wakacheka, na mzee akarudi kubeba.

Saa nne asubuhi ndege ikaanza kukimbia. Mama Gramu alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, kama desturi yake, kuhakikisha kazi yake imeondoka. Kabla ndege haijafika pale inapoinukia siku zote, pua ikapanda ghafla, na mkia ukaketi chini. Ukaburutwa ukitoa cheche, kwa sauti kama ya sufuria kubwa linalokokotwa kwenye sakafu ya saruji. Ilikuwa sekunde tatu au nne hivi, lakini Mama Gramu alizihesabu hadi mia. Kisha ndege ikajivuta juu kwa shida, kama mtu mzima anayetoka kwenye kochi lililobonyea.

Kapteni hakwenda mbali wala juu. Alizunguka chini chini, akarudi baada ya dakika ishirini na kutua salama, yeye na msaidizi wake wakiwa wazima. Akashuka ngazi, akaenda moja kwa moja nyuma, akautazama mkwaruzo uliokuwa mrefu kama kitanda. Akavua miwani.

"Shemeji, umenipakilia nini huku nyuma, ukoo mzima?"

"Nimekupakilia magodoro," alisema Mama Gramu. "Wewe ndiye uliyeinyakua hiyo pua kama mtu anayeepua maziwa yanayofurika."

Tangu hapo wakawa hawasemeshani. Wengine ndio waliosema. Waongoza ndege wa mnarani walisema ni upepo. Mafundi walisema barabara ya kurukia ina tuta. Mpishi wa kantini alisema ndege imezeeka tu, na kila kinachozeeka huanza kushuka upande wa nyuma.

Jumatano mama mkwe wa Mama Gramu, mkunga mstaafu asiyependa kurudia neno, aliwaita wote kwa chakula cha mchana. Mumewe Mama Gramu, mwalimu wa hesabu, alipoona amewekwa kati ya mke na ndugu, alikumbuka ghafla kwamba ana madaftari ya kusahihisha, akala amesimama jikoni. Huku mezani wale wawili walieleza mambo kwa vyombo. Mwiko ulikuwa ndege, nyanya zilikuwa mashine, na kila mmoja alipopata zamu ya kuushika mwiko aliuangusha kwa kosa la mwenzake. Mara ya tatu nyanya moja ilidondokea mapajani mwa mama, naye akawanyang'anya mwiko.

"Nimezalisha wanawake miaka thelathini," alisema. "Mtoto akija vibaya siulizi kosa la nani. Nauliza amelalaje. Nendeni mkaangalie mzigo wenu ulilalaje."

Kesho yake akafika mkaguzi wa ajali, mtu mwembamba, mpole, mwenye suruali ya kijivu iliyopigwa pasi ikakubali. Aliwaambia kwamba ndege za mizigo zinazoanguka wakati wa kupaa huwa na sababu chache zinazojirudia. Kamba hukatika, mzigo ukateleza nyuma. Au uzito huandikwa sivyo. Au vibao vya mabawa havikuteremshwa kwa ajili ya kupaa, au upepo umegeuka, au rubani ameinua pua mapema au kwa pupa. Kwa sauti ileile ya upole akaongeza kwamba wengi hawapati nafasi ya kurudi na kubishana.

Alianza na kamba. Zote zilikuwa nzima, na Mama Gramu akapumua. Akasoma kifaa kinachorekodi safari, akakuta pua iliinuka kwa kasi mno. Sasa ikawa zamu ya Kapteni kukosa pumzi. Mwishowe mkaguzi, aliyekuwa ameshinda akitembea juani, aliingia ghalani ulikoshushwa mzigo, akaketi juu ya rundo la magodoro ili aandike.

Aliandika mistari miwili. Kisha akainuka polepole, akajipapasa nyuma. Suruali ilikuwa inachuruzika.

Hakuna aliyecheka. Mama Gramu alikwenda kwenye rundo, akalibonyeza godoro kwa ngumi, na maji yakatoka kwenye kona iliyochanika ya nailoni. Ndipo alipokumbuka mvua ya Jumamosi na Jumapili. Mashine zilikuwa zimejaza ghala, magodoro yakalala uani chini ya turubai bovu. Jua la Jumatatu lilikausha nailoni kwa nje, na ndani sponji likabaki limeshiba. Waliweka moja kwenye mizani. Ijumaa lilikuwa kilo tisa. Sasa lilikuwa ishirini na saba. Hakuhitaji karatasi kujua kwamba aliweka zaidi ya tani mbili za maji ya mvua kwenye mkia wa ndege.

Angeweza kunyamaza. Ni watu wa ghala waliopanga magodoro uani, na karatasi ya Ijumaa ilikuwa na sahihi zote. Kifua mwenyewe alikuwa amesimama pale akitazama viatu vyake, hana nia ya kusema neno.

"Huyu mzee aliniambia," alisema Mama Gramu. "Aliniambia yamekuwa mazito kabla hatujapakia, nami nikamfanyia mzaha mbele ya wenzake. Andika hivyo." Akamgeukia Kifua. "Nisamehe, baba."

Kifua alijibu kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, ila pakacha hili badala ya kuvuja lilikunywa. Kisha akasema yamekwisha.

Kapteni alikohoa. "Andika na yangu. Pua ilianza kuja yenyewe, nami nikavuta vilevile kwa nguvu za mazoea. Mkono ulifanya kazi, kichwa kikafuata baadaye."

Mkaguzi aliyaandika yote mawili, kisha akauliza kwa adabu kama kuna mwenye suruali kavu. Aliondoka na ovaroli ya Kifua, ambayo ingewatosha wakaguzi wawili na daftari zao.

Ndege ilikaa karakanani wiki sita. Fundi mkuu alisema kwamba kama mkwaruzo ungeingia kidogo tu zaidi, na wao wangepanda juu, bati la nyuma lingepasuka angani kwa msukumo wa hewa ya ndani. Mama Gramu alipewa barua ya onyo, akaipokea bila ubishi, akatunga kanuni: kilicholala nje kinapimwa upya, na mpakiaji akisema kizito, kazi inasimama. Kapteni alipelekwa wiki mbili kwenye mashine ya mafunzo inayoigiza kuruka, na aliporudi alikiri kwamba alianguka nayo mara nne.

Siku ndege ilipotoka karakanani Kapteni alimwomba shemeji yake apande, akae kiti cha ziada nyuma ya marubani. Miaka kumi na moja alikuwa amepakia ndege, hajawahi kuruka hata mara moja. Alipanda. Pua iliinuka taratibu kama mfuniko wa chungu, magurudumu yakaiacha ardhi, na chini maghala yakawa viberiti.

Kapteni aligeuka kidogo akamuuliza anaonaje.

Mama Gramu, aliyekuwa amefumba macho tangu mwanzo, alisema ni pazuri sana, na akauliza wanashuka saa ngapi.