Kukukumbatia, Kumkumbatia

Mama mmoja, fundi cherehani, alifiwa na mwanawe wa kiume huko ng'ambo, na mkwewe, mjane wa marehemu, ndiye aliyekuwa anauleta mwili. Hawakuwahi kuonana ila kwenye simu, wakipungiana mikono na kucheka kwa kukosa la kusema, maana mkwe alijua Kihispania tu. Aliyekuwa akiwatafsiria ndiye sasa aliyelala ndani ya jeneza.

Mama akaenda kwa jirani waliyemwita Nahodha. Melini alikuwa mpishi tu, lakini Kihispania alikiokota jikoni kwa miaka mingi.

"Nipe sentensi moja," alimwambia. "Nataka kumpokea mtoto wa watu kwa maneno, si kwa kumkodolea macho."

"Unataka kumwambia nini?"

"Nataka kukukumbatia."

Nahodha akavuta kiti. "Kukumbatia ni *abrazar*. Sisi mtu tunamchomeka katikati ya kitenzi. Wao wanamgandisha mwishoni. *Quiero abrazarte*, nataka kukukumbatia wewe. Ukisema *abrazarlo*, ni yeye, mwanaume. *Abrazarla*, mwanamke. Wewe shika hiyo ya *te*, dada."

Akaishika. Aliirudia akikata kitambaa, akiosha vyombo, hata akiitikia pole za watu.

Siku ya kwenda mochwari, kaka yake mkubwa alikuwa ameshatoa uamuzi: jeneza halifunguliwi. Safari ilikuwa ndefu, na dada yake ana shinikizo la damu. Bora abaki na sura aliyoijua. Mama hakubisha. Nguvu za kubisha angezitoa wapi?

Mkwe alikuwa amesimama kando ya jeneza, mwembamba kuliko alivyoonekana kwenye simu, koti limemvaa badala ya yeye kulivaa. Mama akamwendea, akafungua mdomo, na macho yakamteleza hadi kwenye jeneza.

"*Quiero abrazarlo*," alisema.

Nyuma yake Nahodha alivuta pumzi amsahihishe, kisha akaghairi. Mkwe alikuwa ameshamshika mama mkono na kumgeukia mhudumu, akimwonyesha kifuniko.

"Kasema nini?" kaka mtu akauliza.

"Kasema anataka kumkumbatia mwanawe."

"Tulishakubaliana."

Mkwe akazungumza kwa sauti ya chini, bila kumwachia mama mkono. Nahodha akatafsiri: "Anasema amemvisha yeye mwenyewe. Uso hauna tatizo. Anaomba mama asinyimwe."

Kaka akamwashiria mhudumu alete bisibisi.

Marehemu alikuwa amevaa shati la bluu. Kifungo cha juu kilishonwa kwa uzi mweusi, mishono imepandana, kazi ya mtu asiyezoea sindano. Mama alikipapasa, akajua nani alikishona. Akamlalia mwanawe kifuani, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu habari ifike. Hakuna aliyemvuta.

Njiani Nahodha akamweleza kwamba alikuwa amesema "kumkumbatia", si "kukukumbatia". Mama aliona haya.

"Kwa hiyo mkwe bado sijampokea."

"Umempokea, dada."



Nyumbani alimkuta mkwe amejitupa kwenye kitanda alicholalia mumewe utotoni, viatu bado miguuni. Akapiga magoti, akafungua kamba, akavivua taratibu na kuvipanga chini ya dirisha. Mkwe alifumbua macho, akasogea ukutani kumpa nafasi. Mama akajilaza kando yake, na hapo ndipo usingizi ulipowachukua wote wawili, mpaka wafiwa wenzao walipokuja kuwaita mazishini.