Sili wa Kija

Mimi ndiye niliyemtuma mume wangu, Mahona, amkataze binti yetu kurudi kwenye barafu. Nasema mapema, msije mkamlaumu mzee wa watu. Kija amesomea wanyama wa baharini, na kazi yake iko kusini kabisa mwa dunia. Akipata likizo anakuja kwetu Dutwa wiki mbili, halafu huyo, kaondoka. Nilikuwa nimechoka kumkosa.

Tulipomaliza kula, Mahona akakohoa. "Kija, safari hii huendi. Maji yale yatakumeza."

Kija hakubishana. Akafungua kompyuta yake. "Baba, tazama kwanza."

Ilikuwa video iliyopigwa na mnyama mwenyewe, sili, anayewinda majini na kunyonyesha mtoto wake juu ya barafu. Kija na wenzake walimbandika kamera ndogo mgongoni kwa gundi ili wajue anavyopiga mbizi. Tuliona kisogo chake, kisha maji ya buluu, kisha giza tupu. Mahona alibana pumzi pamoja na mnyama, akashindwa, akahema, akabana tena. Nilicheka mpaka machozi.

"Hicho kitu hakimuumizi?"

"Ni chepesi, Baba. Tunakitoa, na gundi inadondoka akibadili manyoya."

Baada ya robo saa sili akaibukia kwenye tundu la barafu. Mtoto wake alikuwa pembeni akilia, na karibu yake tukaona buti za Kija. Ukasikika mluzi, ule ule ambao Mahona huwapigia ng'ombe wakinywa lamboni. Mume wangu akasogelea kompyuta.

"Sasa hivi nani anamwangalia?"

"Hakuna, Baba. Si mfugo, ni wa porini."

Hilo hakulisikia kabisa. Mahona aliikosa harusi ya mdogo wake kwa ajili ya ndama mgonjwa. Akanigeukia, macho yamemtoka.

"Mama Kija, mnyama amezaa, na huyu amekaa hapa anakula ugali! Arudi kesho!"

Nilimpenda na kumchukia kwa pamoja. Asubuhi nikampakia Kija karanga na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na ili nisilie nikamuuliza kama yule mtoto wa sili alishajua kuogelea.

"Alijua, mayu. Mwanzoni aliogopa maji, analia tu. Mama yake ndiye aliyemsukuma aingie."

Nikafunga zipu ya begi, nikambebea mpaka barabarani.